Keria ya Baiskeli: Adui Yake si Uzito Peke Yake, ni Msuguano

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kila alfajiri barabara za kata zetu hujaa baiskeli. Nyingine zimebeba madumu ya maji, nyingine magunia ya mahindi yanayopelekwa mashineni, nyingine mkaa, na nyingine matenga ya nyanya yanayowahi gulio. Mchana baiskeli hizo hizo humrudisha mwanafunzi nyumbani, na usiku, inapobidi, humfikisha mgonjwa zahanati. Kazi zote hizo hutegemea kipande kimoja cha chuma ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku kinapokatika: keria.

Keria ikikatika njiani, hasara haiishii kwenye chuma. Mzigo huangukia kwenye spoku, gurudumu hujifunga ghafla, na mwendeshaji hutupwa chini. Ikiwa nyuma ameketi mtoto au mgonjwa, madhara ni makubwa zaidi. Kwa hiyo ni vyema kila mwenye baiskeli afahamu jinsi keria inavyoharibika na namna ya kuikinga kwa gharama ndogo.

Jinsi keria inavyoliwa

Wananchi wengi huamini kuwa keria huvunjwa na uzito. Ni kweli kwamba uzito una sehemu yake. Madumu manne ya lita 20 yakijazwa maji huwa na kilo 80, na mfuko mmoja wa mbolea una kilo 50, ilhali keria nyembamba za baiskeli za gia mara nyingi huwa na alama ya kilo 25 tu. Hata hivyo, keria nyingi huanza kudhoofika muda mrefu kabla ya kukatika, na chanzo chake ni mzigo unaosugua.

Gunia au begi likifungwa bila kukazwa huchezacheza katika kila shimo la barabara. Kati yake na chuma huingia mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko rangi, tena ni mgumu kuliko chuma laini cha keria, hivyo kila mtikisiko huwa kama kupitisha msasa. Kwanza hutoka rangi. Chuma kikibaki wazi, maji ya mvua na umande hukikuta, na kutu huanza. Safari inayofuata msuguano huiondoa kutu hiyo na kufunua chuma kipya, nacho hushika kutu upya. Hivyo ndivyo bomba la keria linavyopungua unene kidogo kidogo bila mwenyewe kugundua.

Mizigo yenye chumvi huharakisha uharibifu huo. Samaki wa chumvi, mifuko ya chumvi na mbolea za viwandani huacha masalia yanayovuta unyevu wa hewa na kula chuma kwa kasi. Aliyebeba mizigo ya aina hiyo anashauriwa kuimwagia keria maji safi na kuifuta ikauke siku hiyo hiyo.

Sehemu za kukagua

Kagua sehemu nne. Ya kwanza ni mabomba ya pembeni, mahali magunia na mabegi yanapolalia. Ya pili ni miguu ya keria, ambako mifuko inayoning'inia husugua kwa mgongo wake. Ya tatu ni matundu ya chini yanayoshikwa na nati ya ekseli. Nati ikilegea, tundu hutanuka na mguu huanza kucheza. Ya nne, na iliyo muhimu kuliko zote, ni maungio yaliyochomelewa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu ukikatiza ungio, au rangi iliyopasuka kama uzi, tambua kuwa huo huenda ni ufa. Usipakie tena kabla fundi hajaiona.

Namna ya kuikinga

Hatua ya kwanza ni kuandaa chuma. Osha keria, iache ikauke kabisa juani, kisha sugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae. Paka rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu inayopakwa kwenye milango na madirisha ya chuma, na ikikauka paka rangi ya mwisho juu yake. Kuvika keria yenye kutu ni kuuficha ugonjwa, kwani kutu huendelea kula ndani.

Hatua ya pili ni kuivika. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate kuwa utepe wenye upana wa vidole viwili au vitatu, kisha uzungushe kwenye bomba huku ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Kwenye miguu ya keria anzia chini kupanda juu, ili mizunguko ilaliane kama vigae vya paa na maji yateremke badala ya kuingia ndani. Njia nyingine ni kuchukua mpira wa kumwagilia bustani, kuupasua kwa urefu na kuuvika juu ya bomba.

Hatua ya tatu ni kuweka kitako juu ya keria. Kipande cha tairi kuukuu au ubao uliopigwa randa huutawanya uzito juu ya mabomba yote badala ya kuuelekeza mahali pamoja. Kitoboe matundu machache ya kupitisha maji, kisha kifunge imara kisije kikawa chenyewe chanzo cha msuguano.

Hapa pana kosa linalofanywa na wengi kwa nia njema: kufunga keria kwa matambara au vipande vya gunia. Kitambaa hunyonya maji na kuyashika dhidi ya chuma kwa siku nyingi, na mchanga hujikusanya ndani yake. Keria iliyofungwa tambara bichi yaweza kuoza haraka kuliko iliyoachwa wazi. Hata mpira haupaswi kusahauliwa. Ufungue angalau mwanzoni na mwishoni mwa masika, uangalie chini yake, kisha uufunge upya.

Kwa mifuko inayoning'inia pembeni, kata ubavu wa dumu la plastiki lililochakaa na uushone mgongoni mwa mfuko, upande unaogusa chuma. Plastiki hainyonyi maji, huukinga mfuko usitoboke, na huuzuia usiingie kwenye spoku. Ndoano za chuma za kutundikia nazo zivikwe mpira.

Kufunga mzigo

Kinga hizo zote hazitafaa kitu ikiwa mzigo unacheza. Uweke mzigo mzito chini na karibu na kiti, usiuache ukaning'inia nyuma ya ekseli. Fungia mipira ya tyubu kwa kuvuta pande zote mbili sawasawa. Kabla ya kuondoka, ushike mzigo na uutikise. Baiskeli ikitikisika pamoja nao, umefunga vizuri. Mzigo ukisogea peke yake, fungua urudie. Hakikisha pia kwamba hakuna ncha ya mpira wala kamba inayoning'inia karibu na spoku au mnyororo. Wazazi wanaombwa kuangalia mikanda ya mabegi ya shule yanayofungwa kwenye keria, kwa kuwa mikanda hiyo huweza kujisokota gurudumuni.

Ikishapasuka

Keria yenye ufa haifungwi kwa waya. Waya hushikilia kwa muda tu, huku ufa ukiendelea kupanuka. Mpelekee fundi wa kuchomelea, naye aisugue rangi na kutu kabla ya kuunganisha. Bomba likiwa limeliwa na kutu hadi kuwa jembamba, kulichomelea hulitoboa zaidi. Hapo ni afadhali kubadilisha bomba zima au kununua keria nyingine.

Vikundi vya vijana mafundi baiskeli vinavyohitaji vifaa kama mashine ya kuchomelea vinakumbushwa kuwa Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya namna ya kuomba hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Vilevile, wananchi wanakumbushwa kuwa keria si kitanda cha mgonjwa. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga anapopatwa na dharura, piga simu namba 115 bila malipo ili kupata usafiri kupitia mfumo wa m-mama. Lakini tunafahamu kuwa ziko nyakati ambapo baiskeli ya jirani ndiyo iliyo karibu, na mwenye homa hawezi kungoja. Usiku kama huo hakuna nafasi ya kukagua maungio kwa tochi. Keria itakayombeba inapaswa kuwa imetunzwa tangu mchana, ilipokuwa ikibeba magunia.