Fahamu: Kwa nini mlinzi bora wa chuo huweza kukosa nafasi NBA

Mashabiki wa Juba wanaojiuliza ni mlinzi gani wa vyuo vya Marekani atakayefaulu katika mpira wa kikapu wa kulipwa wana mfano wa karibu katika timu yao ya taifa ya Sudan Kusini, Carlik Jones. Mlinzi ni mchezaji anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi. Jones, mzaliwa wa Cincinnati, alikuwa mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big South mwaka 2020 akiwa chuo cha Radford, kisha akahamia chuo cha Louisville; hata hivyo, katika uteuzi wa 2021, ambapo timu za NBA huchagua chipukizi kwa zamu, hakuitwa.

Wapimaji humtazama mlinzi kwa umri, kwa kimo na kwa ubora wa wapinzani wake, na Jones, aliyekuwa na miaka 23 na kimo cha takriban sentimita 185, hakuwavutia. Vipimo hivyo vina maana, kwa kuwa mlinzi mfupi huandamwa na wapinzani warefu, lakini havipimi vizuri uwezo wa kusoma ulinzi na kutoa pasi kwa wakati, ambao ndio kiini cha kazi hiyo. Mwaka 2023 Jones alikuwa mchezaji bora wa G League, ligi ya maandalizi ya NBA, na katika Kombe la Dunia mwaka huohuo aliongoza kwa wastani wa pasi zinazozaa vikapu, Sudan Kusini ikafuzu Olimpiki ya Paris. Hata baada ya hapo, ajira yake ya kudumu ilipatikana China, kisha Serbia.