Selform Haijazwi kwa Siku Moja

Kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi wa Tanzania hukaa na fomu inayoitwa Selform na kuandika tahasusi, yaani michanganyo ya masomo ya kidato cha tano, na vyuo wanavyovitaka. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, mara nyingi fomu hiyo huwa imeshajazwa zamani na watu wengine. Kuna mwalimu aliyemshauri aachane na fizikia kwa kuwa maabara iko ghorofani na yeye anatumia kiti mwendo. Kuna mzazi aliyeamini kwamba asiyeona kazi yake ni ualimu tu. Kuna shule ambayo haijawahi kuwa na kitabu cha hisabati cha nukta nundu. Siku ya Selform, mwanafunzi anatia kalamu tu.

Mazungumzo kuhusu ajira za watu wenye ulemavu kwa kawaida huanzia mlangoni mwa mwajiri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda cha watu 200, basi, kinadaiwa nafasi 6. Ni sheria njema na inastahili kusimamiwa kwa ukali. Lakini nafasi hizo 6 zinataka fundi umeme, mhasibu, mtaalamu wa maabara, na watu hao hawapatikani kwa tangazo la wiki mbili. Huandaliwa kuanzia kidato cha kwanza, au hawaandaliwi kabisa.

Mfano ulio wazi ni hisabati. Kwa miaka mingi wanafunzi wengi wasioona wameiacha mapema, pamoja na sayansi. Akili ya namba wanayo; kilichokosekana ni mtu wa kuzitoa grafu na pembe ubaoni na kuzifanya zipapasike. Na kazi hiyo haihitaji kiwanda. Uzi uliobandikwa kwa gundi kwenye karatasi ngumu ni mstari tosha, na pini zilizochomekwa kwenye kipande cha sponji ni nukta za grafu. Nukta nundu zenyewe zina alama za hesabu na za kemia. Mwanafunzi anaporuhusiwa kuliacha somo, watu wazima huona wamemhurumia. Miaka miwili baadaye uhasibu, takwimu, uchumi na uandishi wa programu za kompyuta vimeshafungwa mbele yake, naye anabaki na ualimu wa Historia na Kiswahili, awe anaupenda au haupendi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kupanua tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Kwa aliyeachishwa hisabati na sayansi, sehemu kubwa ya upana huo anaisikia tu redioni.

Kwa mwanafunzi kiziwi, mlima uko mahali pengine. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia wasiojua lugha ya alama, kwa hiyo Lugha ya Alama ya Tanzania huikuta shuleni, tena kwa kuchelewa. Kiswahili cha maandishi kinakuwa lugha ya pili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yanageukia Kiingereza, na hiyo ni ya tatu. Wenzake walau wanakisikia Kiingereza kwenye muziki na televisheni. Yeye hukutana nacho kwenye karatasi peke yake. Pakiwapo mkalimani, naye hufika mahali akakwama, maana istilahi nyingi za kemia na biolojia hazina alama zinazofahamika kote, na inabidi kila neno liandikwe herufi kwa herufi kwa vidole huku mwalimu akiendelea na mada. Zipo shule ambazo walimu na wanafunzi hukaa pamoja mwanzoni mwa muhula, wakakubaliana alama za istilahi za mada nzima na kuzibandika ukutani. Ni jambo dogo linalookoa saa nyingi, na linafaa kuigwa.

Halafu kuna chuo kikuu. Mwanafunzi asiyeona aliyemaliza kidato cha sita kwa mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu huiacha mashine hiyo shuleni, kwa sababu ni mali ya shule. Akifika chuoni anakuta usajili uko mtandaoni, kazi zinachapwa kwa kompyuta na maelezo ya mihadhara yametolewa kama picha ambazo programu ya kusoma skrini haiwezi kuzitamka. Muhula wa kwanza wenzake wanasoma saikolojia au sheria. Yeye anajifunza pa kuweka vidole kwenye kibodi. Wapo wanaorudia mwaka kwa sababu hiyo peke yake. Ilhali NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, inapatikana bure, na huendeshwa kwenye kompyuta za kawaida. Saa mbili kwa wiki tangu kidato cha pili zingetosha.

Karatasi nazo zina uzito wake. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu na anataka ulemavu wake uzingatiwe hupaswa kuwa na fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Wengi hulijua hilo dirisha la maombi likiwa limebakiza siku chache, hospitali iko mbali na nauli haipo. Upande wa mitihani, miongozo inatoa nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, pamoja na karatasi za nukta nundu au za maandishi yaliyokuzwa. Katika mtihani wa hisabati wa saa 3, hiyo ni saa nzima. Lakini shule isipotoa taarifa mapema, haki hiyo hubaki kwenye waraka.

Nchini Marekani, sheria inaagiza kwamba mwanafunzi mwenye ulemavu anapofikisha miaka 16 awe na mpango wa maandishi wa maisha baada ya shule, na yeye mwenyewe aalikwe kwenye kikao kinachoupanga. Sheria nyingine ya mwaka 2014 ikazitaka mamlaka za majimbo zitenge angalau asilimia 15 ya fedha za shirikisho za kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa kazi, zitumike kwa wanafunzi hawa. Fedha hizo Tanzania haina. Lakini kikao kile hakihitaji fedha, na ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote: kijana wa miaka 16 anakaa mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wake na kueleza, kwa mdomo au kwa alama, anataka kazi gani na anahitaji nini ili aifikie. Huko mbele atalazimika kuyasema hayo hayo kwa mhadhiri, kisha kwa mwajiri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe humtaka mwombaji mwenye ulemavu auainishe ulemavu wake kwenye mfumo. Aliyefundishwa kuuficha ataruka kipengele hicho.

Vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, kama Yombo cha Dar es Salaam, Sabasaba cha Singida na Luanzari cha Tabora, vinafanya kazi kubwa, hasa kwa vijana ambao sekondari haikuwafaa. Kosa ni kuvigeuza kapu la kila mwenye ulemavu. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, alisomea sheria hadi shahada ya uzamivu, akawa naibu waziri mwaka 2015, kisha balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Na yupo kijana mwenye moyo wa useremala ambaye kumlazimisha kidato cha tano ni kumpotezea miaka miwili. Aulizwe kwanza.

Kama nyumbani kwako au darasani kwako yupo mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye ulemavu, muulize wiki hii anataka kufanya kazi gani. Kisha nenda naye kwa mwalimu wa taaluma, mkajue ni somo gani ambalo hapaswi kuliacha. Na ukifika wakati wa kuomba mkopo, safari ya kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya kuthibitisha fomu ya ulemavu ifanyike mapema, wakati hakuna dirisha la maombi linalokaribia kufungwa.