Manowari Inapopata Bendera Nyingine

Ninyi wa Bukoba mnajua meli yaweza kubadili kazi. Vita vya 1914 vilipoanza, meli za abiria za ziwa letu zilifungwa mizinga. Juni 1915 Waingereza walizitumia kuleta askari kutoka Kisumu, wakaushambulia mji wa Bukoba uliokuwa wa Wajerumani, wakavunja mtambo wa simu ya upepo.

Leo tutazungumza habari za manowari za kusindikiza. Katika vita vya 1939 hadi 1945, meli za watu na mizigo zilikwenda kwa msafara, nazo manowari ndogo zikizilinda. Hatari ilikuwa nyambizi, yaani chombo cha vita kiendacho chini ya maji. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Wajapani iliizamisha meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ingawa ilisindikizwa. Walikufa watu karibu 1,300, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Manowari zilikuwa chache, basi nchi rafiki zilisaidiana. Mwaka 1940 Marekani iliipa Uingereza manowari 50 kuukuu, nayo ikapata nafasi ya kujenga vituo katika makoloni ya Uingereza kwa miaka 99. Bendera moja ilishushwa, nyingine ikapandishwa. Manowari Buchanan ikaitwa Campbeltown. Hayo ni mambo ya saa moja tu. Kazi hasa ni ya mabaharia wapya: kila bomba, kila mtambo, ni mgeni kwao, na maandishi yake lazima wayasome.

Kwetu ilikuja Rosalind, iliyoshushwa majini mwaka 1941. Ilijengwa kwa mfano wa meli za kuvulia samaki, ikapewa jina la mwanamke wa mchezo wa Shakespeare. Mwaka 1946 Waingereza waliikabidhi kwa wanamaji wa Kenya. Baadaye ikawa ya Jeshi la Majini la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Lakini meli ya kupewa hula kama meli ya kununua: mafuta, rangi, kamba, mishahara. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Kenya ilianzisha lake mwaka 1964.

Sasa chukueni daftari, mwandike: manowari, msafara, baharia.