Mashine ndogo za bati na mavuno ya viazi: zinatunza nini?

Msikilizaji mmoja wa Kimamba alitutumia picha kwa WhatsApp. Ni trekta la bati, ukubwa wake kama kiatu cha mtu mzima, magurudumu yamekatwa kwenye soli ya kandambili. Nyuma limefungwa trela lenye vigunia sita vya kitambaa. Chini ya picha aliandika: "Babu anayo mengi kama haya. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita wiki hii, babu anasema yauzwe tu. Tufanyeje?"

Tuliusoma ujumbe huo hewani na simu zikaanza kuingia kutoka Rudewa, Magole na hata Mikumi. Wengi mlisema nyumbani kwenu kuna kitu kama hicho, juu ya kabati au uvunguni. Wengine mliuliza swali la maana zaidi: mtu mzima na vitu vya kuchezea, wapi na wapi? Ndiyo maana tukafunga safari mpaka Kimamba.

Mzee tuliyemkuta alikuwa fundi mitambo wa shamba la mkonge. Hatutaji jina lake kwa sababu ameomba hivyo. Baada ya kumwamkia alitupeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha nyuma, akaanza kushusha mashine moja baada ya nyingine mpaka zikafika ishirini na tatu. Anasema zilikuwa zaidi ya arobaini. Zilizobaki zilichukuliwa na maji ya mto Mkondoa, mafuriko yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyoivunja reli na kuwapeleka watu wa Kilosa mjini kwenye mahema. Wakati huo alikuwa akiishi mjini.

Mashine anayoipenda kuliko zote si trekta. Ni korona. Kwa vijana ambao neno hilo mnalijua kwa ugonjwa tu: korona ni mtambo wa kusindika mkonge. Majani yanaingia upande mmoja yamelala kwenye mkanda, yanapondwa, halafu ngoma kubwa zenye vyuma butu zinayachapa huku maji yakimwagika, nyama ya jani inatoka na nyuzi zinabaki. Nyuzi zinaanikwa juani, zikikauka zinapelekwa kwenye brashi, kisha zinafungwa marobota. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za nyuzi. Nyingine zote ni maji na makapi. Kwenye mashine ya mzee ukizungusha kishikio, ngoma mbili za kopo la maziwa zinazunguka kweli, na jani la nyasi ukiliingiza linatoka limechanika. Tulijaribu mara nne.

Kwa nini fundi wa Kilosa akumbuke korona? Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika Tanga hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo michache mashamba yakaenea Tanga, na reli ya kati ilipopita Kilosa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, yakaenea na huku: Kimamba, Rudewa, Msowero. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, Songea, Njombe, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Hao ndio manamba, na wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha iliyoitwa SILABU. Ndiyo sababu ukipita Kimamba leo unakutana na makabila ambayo asili yake ni mbali sana.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, tukiongoza dunia. Baada ya hapo kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mitambo ikachakaa, na miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi sehemu ndogo kabisa ya ule wa zamani. Mitambo iliyosimama inajulikana ilikwenda wapi. Iliuzwa kwa kilo. Mzee anasema ile korona aliyoihudumia yeye ilikatwa kwa gesi mbele ya macho yake, na jioni hiyo hiyo akachukua kopo na mkasi.

Sasa turudi kwenye trela la vigunia. Mzee alituambia hivyo ni viazi vitamu. Familia za wafanyakazi zilikuwa na vishamba vyao pembeni, na msimu wa kuvuna ukifika, trekta la shamba likirudi tupu liliwabebea mizigo hadi kambini. Alipofika hapo mke wake, aliyekuwa anachambua matembele mlangoni, akaingilia: "Hilo trekta lenu halijawahi kuchimba hata kiazi kimoja."

Ana haki. Tuligeuza kinasa sauti upande wake, na sehemu kubwa ya kipindi cha Jumamosi imetoka kwake.

Bibi anasema kiazi hakivunwi kwa mara moja. Unapita kwenye tuta ukitazama ardhi. Palipopasuka, chini kuna kiazi kikubwa. Unafukua kwa mkono au kijiti, unakitoa hicho, unafukia vilivyobaki viendelee kukua. Ufa huo huo ndio mlango wa fukusi, yule mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Anapita kwenye ufa kwenda kutaga, na kiazi kilichoingiliwa kinakuwa kichungu, hata nguruwe anakisusa. Kwa hiyo kazi ya mwanamke haikuwa kuvuna tu, ilikuwa kuzunguka kila baada ya siku chache akifukia nyufa. Wataalamu wa kilimo wanafundisha jambo hilo hilo mpaka leo: pandishia udongo, na usiache viazi vilivyokomaa ardhini jua likiwa kali.

Ngozi ya kiazi ni laini, ikichubuka kinaoza ndani ya siku chache. Hii ndiyo sababu mashine za kuvuna viazi vitamu zinasumbua hata kwa wenye fedha. Marekani, jimbo la North Carolina, trekta linafukua tuta lakini watu bado wanainama kuokota kwa mikono. Viazi mviringo, kama vile vya milima ya Ukaguru upande wa Gairo, vinavumilia kidogo zaidi. Scotland walikuwa na mashine ya kuzunguka inayotupa viazi pembeni, na watoto wa shule walifunga masomo mwezi Oktoba kwenda kuokota. Mpaka sasa likizo hiyo ya Oktoba kuna wanaoiita likizo ya viazi.

Huko kwa wenzetu kukusanya mashine ndogo za shamba ni jambo kubwa. Mwaka 1945 Fred Ertl wa Iowa, Marekani, alianza kutengeneza matrekta ya kuchezea kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, akiyeyusha vyuma vya ndege. Leo katika mji wa Dyersville kuna makumbusho nzima ya vitu hivyo. Wakusanyaji wanajali sana kipimo. Cha kawaida Uingereza ni moja kwa 32, maana yake trekta la urefu wa mita 3.2 linakuwa sentimita 10, na kila kitu kingine kinapungua vivyo hivyo.

Mzee wetu hajui habari za moja kwa 32, lakini anapima. Trela lake linabeba vigunia sita chini na sita juu kwa sababu, anavyokumbuka, ndivyo la kweli lilivyopakiwa. Na vigunia vimeshonwa usawa wa mdomo, havina kichwa. Tulipomuuliza kuhusu lumbesa alicheka. Tungeomba wanunuzi wa viazi wa siku hizi wapelekwe wakakione kile kigunia.

Upande wa Mikumi watoto wanatengeneza wanachokiona: malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na kwa wale wa Kidodi na Ruhembe, matrela marefu ya miwa yanayoelekea kiwanda cha sukari cha Kilombero. Mabua, waya, vifuniko vya soda. Msiyatupe yote. Mkipata nafasi, pigeni picha kila upande na rula ikiwa imelala pembeni, andikeni aliyetengeneza, mwaka, na mashine ipi ya kweli aliiiga. Halafu mrekodini kwa simu mwenyewe akieleza kila kipande kinafanya nini. Dakika kumi zinatosha, na mwekeni kwanza mbali na redio inayoimba.

Mnunuzi wa chuma alipita Alhamisi. Mzee alimuuzia sufuria lililotoboka na fremu ya baiskeli. Mashine zimebaki, na mjukuu ameanza kuzipiga picha, amefika ya tisa. Ya ishirini na nne iko mezani bado haijaisha: jembe la mkono la bati na tenga dogo la waya, kwa amri ya bibi. Tulipokuwa tunaaga bibi alilishika lile tenga, akaligeuza, akamrudishia. Alisema la kwake lilikuwa pana zaidi chini, afumue aanze upya.