Unaenda Kulisha Sili Oregon? Cheki Hii Kwanza

Kama uko na anko ama anti Oregon, Marekani, na familia imepanga kumtembelea, mwambie awapeleke Seaside Aquarium. Usitarajie kitu kubwa. Ni kajumba ka kitambo hapo ufuoni, kalikuwa bwawa la kuogelea la maji ya bahari kabla ya kugeuzwa akwariamu 1937.

Wenye wanabamba ni sili, wale wanyama wa bahari wenye sharubu kama za mzee wa mtaa. Unanunua visamaki, unawarushia. Na ni wajanja! Mmoja anajipiga tumbo, mwingine anakumwagia maji, bora umwone yeye kwanza. Makanga wa Rongai wataulizia kazi. Watoi hawatataka kutoka.

Sasa shida iko huko nje. Kwa beach mnaweza pata katoto ka sili kamelala solo, na watoi washazoea kulisha. Zii! Msikaguse, msikape samaki, msikarudishe majini. Mathe yake ameenda kusaka msosi, na akicheki mbogi ya watu hapo anaweza ogopa kurudi. Isitoshe, tangu 1972 sheria ya Marekani inakataza kuwasumbua. Kaeni mbali, shikeni mbwa, halafu mpigie hao wasee wa akwariamu. Ndio hushughulikia wanyama wa bahari wanaokwama ufuo huo.