Namna ya Kujibu Maswali ya Kiingereza

Wapenzi vijana, na ninyi wazazi mnaokaa nao karibu na taa usiku,

Mwaka fulani mgeni alitembelea kanisa letu. Alisema Kiingereza, na mimi njo nilikuwa mtafsiri. Akasema: "Eventually we will send the books." Mimi nikasema: "Labda watatuma vitabu." Nilikuwa nafikiri kwa Kifaransa, maana "éventuellement" ni labda. Kumbe kwa Kiingereza neno lile ni "mwishowe". Vijana walikuwa wameanza kutengeneza kabati ya vitabu, wakaacha kazi. "Ni labda tu, Pasta!" Miezi ikapita, vitabu vikafika, na mahali pa kuviweka hapakuwa. Kosa lilikuwa langu.

Kwa ajili ya aibu ile, nataka tujifunze pamoja. Chukueni kaye, mwandike maneno haya:

"The old man came home at night. His lamp was like a small star. The mine had taken his strength, but his children ran to meet him."

Kwanza, kusoma. Soma yote mara mbili mbele ya kushika biki. Neno "mine" lina maana mbili: mgodi, ao "yangu". Utajua namna gani? Angalia jirani zake. Mbele yake kuna "the". Basi ni jina la kitu, ni mgodi. Kisha angalia neno la kuuliza. "When" linauliza wakati, "where" mahali, "who" mtu, "why" sababu. Na wakiuliza "Was the old man rich?", jibu: "The text does not say." Wewe mtoto wa kambi unajua mshahara wa baba yako, lakini swali si juu ya baba yako. Jibu linatoka ndani ya maandiko yaliyo mbele yako.

Pili, sarufi. Swali linasema: "When did he come home?" Wengi wanajibu: "He did came." Hapana! Ndani ya swali, "did" limekwisha kubeba wakati uliopita, kwa hiyo "come" linabaki bila mzigo. Ndani ya jibu "did" linaondoka, na mzigo unarudi kwa kitendo chenyewe: "He came home at night." Mzigo mmoja, mbebaji mmoja. Tena mujihadhari na Kifaransa. Usiseme "I have fifteen years", bali "I am fifteen years old". Na "library" si duka la vitabu. Ni mahali pa kuvisoma na kuviazima.

Tatu, mtindo. Taa ilikuwa "like a small star". Neno "like" linaonyesha mfano wa wazi. Waingereza wanauita "simile". Kama mwandishi angesema "His lamp was a small star", bila "like", ingekuwa "metaphor". Na mgodi "had taken his strength": mgodi hauna mikono, lakini hapa unafanya sawa mtu. Hiyo ni "personification". Lakini kutaja jina tu ni nusu ya jibu. Sema na kazi yake: nyota ndogo inatuonyesha giza lilivyo kubwa, na mgodi unaonekana sawa mwizi wa nguvu za mzee.

Wazazi, hata kama hamujui Kiingereza, munaweza kusaidia. Mwambieni mtoto: "Nionyeshe kwa kidole pale uliona jibu hili." Kama hawezi kuonyesha, arudilie kusoma. Atasikia haya kidogo nyumbani, lakini ni afadhali kuliko ile niliyopata mimi mbele ya kanisa zima.

Kabati tuliimaliza, na vitabu vikaingia ndani yake. Mwishowe, si labda.