Je, Wajua? Ziwa Linapojifunika Barafu

Je, wajua kwamba katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, watu huegesha magari juu ya ziwa? Ziwa lenyewe ni Mille Lacs, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 500. Katikati ya majira ya baridi linageuka mtaa kamili: vibanda vya rangi tofauti, njia zilizofagiliwa theluji, moshi ukitoka kwenye mabomba ya majiko. Nililala huko siku mbili na marafiki wawili, mmoja wa Mombasa na mwingine wa Kigoma, aliyekulia kwenye mitumbwi ya Ziwa Tanganyika. Kibanda hatukukodi; tulipiga hema.

Swali la kwanza lilitoka kwa huyu wa Kigoma, hata kabla hajashuka garini. "Kaka, hivi samaki wa humu hawajaganda pamoja na maji?"

Hawajaganda, na sababu yake ni tabia ya maji ambayo vitu vingine vingi havina. Kitu kikipoa husinyaa na kuwa kizito zaidi kwa ujazo uleule. Maji nayo hufuata njia hiyo, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi yanageuza: yakizidi kupoa yanaanza kutanuka, yanakuwa mepesi, na yanapanda juu. Barafu ni nyepesi kuliko maji kwa karibu asilimia 9, ndiyo maana kipande chake kinaelea kwenye glasi ya juisi. Basi ziwa huganda kuanzia juu, na maji ya nyuzi 4 hivi, ambayo ndiyo mazito kuliko yote, hubaki chini. Samaki wanakaa humo, wanaogelea polepole na kula kidogo, huku barafu ikiwakinga na upepo unaokata masikio ya wanaopita juu yao. Ingekuwa barafu inazama, ziwa lingejaa barafu kutoka sakafuni kwenda juu, na sidhani kama kungekuwa na samaki wa kuvua. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza kule. Natamani kila mtoto aelezwe akiwa bado ananyonya barafu ya mfukoni kwenye geti la shule.

Barafu safi, ile inayoonekana nyeusi au ya samawati, ikiwa na unene wa sentimita 10 humbeba mtu anayetembea kwa miguu. Gari dogo linahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda, nguvu zake ni kama nusu tu ya ile safi. Na hata hivyo idara ya maliasili ya jimbo hilo huwaambia watu kila mwaka kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Tulitoboa kwa keekee ya mkono, ndefu kama mita moja, tukipokezana. Mwanzoni inatoka unga mweupe, halafu vipande vinavyong'aa kama chumvi ya mawe, halafu ghafla mkono unapoteza uzito na maji yanafoka hadi kwenye viatu. Nililala kifudifudi nikachungulia. Ukuta wa tundu ni wa samawati iliyokolea, una mapovu madogo ya hewa yaliyonaswa safu kwa safu, na chini yake ni giza tupu. Tulipima: sentimita 48. Yule wa Kigoma ndipo akaketi kwa raha.

Je, wajua kwamba ziwa lililoganda hutoa sauti? Usiku wa kwanza tulisikia mlio mkali unaoshuka haraka, piuuu, ukikatiza ziwa zima, kisha ngurumo nzito chini ya migongo yetu. Barafu inatanuka na kusinyaa kadiri baridi inavyobadilika, na inapopasuka mtetemo unasafiri ndani ya lile tabaka. Katika tabaka la namna hiyo mitetemo ya sauti nyembamba hukimbia kuliko ya sauti nene. Sikio lililo mbali hupokea kwanza ile nyembamba, nene ikifuata nyuma, ndiyo maana mlio unasikika kama unaoteremka. Nilikaa macho muda mrefu nikiusikiliza, na sijutii usingizi nilioupoteza.

Samaki anayetafutwa zaidi huko anaitwa walleye. Nyuma ya mboni zake kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, kwa hiyo huona vizuri wakati windo lake halioni kitu. Hula zaidi magharibi na alfajiri, na wavuvi hupanga siku yao kwa saa zake. Jambo hili lilimgusa sana rafiki yetu. Kwao Kigoma wavuvi hungoja usiku usio na mwezi, wakawasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Mbalamwezi ikitawala, wengi hupumzika. Kule Minnesota samaki ndiye mwenye taa machoni. Sheria ya jimbo humruhusu mvuvi mishipi miwili anapovua kwenye barafu, ilhali kiangazi huwa mmoja, na kibanda kinachoachwa ziwani lazima kionyeshe nani mwenyewe.

Yule wa Kigoma alituuliza pia kuhusu hewa ya samaki chini ya barafu, na ni swali la mtu anayelijua ziwa lake. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, hivyo hayana oksijeni. Samaki wote wanaishi katika tabaka la juu. Maziwa mengi ya Minnesota hujigeuza mara mbili kwa mwaka, kabla ya kuganda na baada ya kuyeyuka, na oksijeni hufika hadi chini. Hatari iko kwenye maziwa yenye kina kifupi: theluji nene ikiifunika barafu, mwanga haupenyi, mimea ya majini inaacha kutoa oksijeni, na samaki wanaweza kufa kwa wingi kabla ya masika.

Kuhusu kulala, nataja mambo mawili tu. Chupa ya maji huwekwa kichwa chini, kwa sababu maji huganda kuanzia juu. Asubuhi barafu iko kwenye kitako na mdomo unafunguka. La pili ni la uhai. Rafiki wa Mombasa alitaka kuingiza jiko hemani, tukamzuia. Moto kwenye nafasi iliyozibwa huzalisha kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo ndiyo inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa chumbani. Tulichemsha maji nje, tukayatia kwenye chupa, tukalala tumeyakumbatia. Usiku ule ulikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Mji wa Tower, katika jimbo hilohilo, ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996.

Alfajiri wa Kigoma akapata walleye wa kwanza. Alimpigia mama yake simu ya video, akamwonyesha tundu, samaki, kisha weupe mpaka upeo wa macho. Mama akauliza kile cheupe ni kitu gani. Akafikiri kidogo, akajibu, "Ni baridi, mama."

Neno barafu tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao barf ni theluji. Theluji yenyewe tumeitoa kwa Waarabu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hizo, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Rebmann aliandika pia kile alichoambiwa na mwongozaji wake siku ile kuhusu weupe huo. Alimwambia ni baridi.